Mizani ya jikoni ya elfu 18: bila hii, lebo za vyakula ni mapambo tu (niko Tanga)

Wadau wa kuhesabu kalori, hasa nyie wa huku Tanga mnaoniuliza hii dayati naifanyaje wakati nyumbani wanapika wali wa nazi na jioni mtaani kuna harufu ya viazi karai kila kona, leo naandika kuhusu kamizani kangu ka jikoni, maana ndiko kamenifanya zile lebo za nyuma ya pakiti zianze kunisaidia.

Ni ile mizani bapa ya plastiki nyeupe, juu ina kisahani cha duara, mbele kiskrini kidogo na vitufe viwili, inatumia betri mbili ndogo zile za rimoti. Mwisho wake kilo 10 na inasoma gramu moja moja. Nimeichukua Ngamiani kwenye zile barabara za namba, duka la vyombo, muuzaji alianzia 25 tukavutana mpaka 18. Nikamuuliza, "Kaka, hii inapima kweli au ni urembo?" Akanijibu, "Dada, hiyo hata barua inapima, ila usije ukamkalisha mtoto." Haya bwana, tukacheka, nikalipa.

Najua kuna watu watasema mizani ya nini wakati kuna aplikesheni ya bure ya kuhesabu kalori kwenye simu. Aplikesheni ninayo na naitumia, ila yenyewe inasubiri uiambie umekula gramu ngapi, na lebo nayo inaongea gramu, sasa wewe unayekula kwa kijiko na bakuli na "kidogo tu" hizo gramu unazitoa wapi? Mtu anakaa anasoma lebo anaielewa yote kuanzia juu mpaka chini, halafu anachota kwa macho. Hapo hesabu ishakufa zamani.

Nianze na lebo zenyewe maana ndo kazi ya hii mizani.

Hapa mjini vitu vya pakiti kwenye supamaketi vinatoka kila pembe, vya hapahapa nchini, vya Kenya, vya Afrika Kusini, vya Uturuki, vingine vimepitia Dubai vimeandikwa Kiarabu upande mzima, na kila mmoja ana mtindo wake wa kuandika. Kitu kinachowachanganya wengi ni kilojuli. Unashika biskuti za Afrika Kusini unakuta nishati 2,000 na ushee, mtu anazirudisha shelfu mbio anasema kalori elfu mbili kwa biskuti si ndo chakula cha siku nzima hicho! Hapana, hizo ni kilojuli. Kalori moja hii tunayohesabu ni kilojuli 4.184, kwa hiyo chukua simu yako gawa kwa 4.2 basi, 2,000 inakuja kama 476. Bado ni nyingi kwa gramu 100 za biskuti lakini sio ule msiba uliokuwa unaufikiria. Na ukiona kcal, hiyo ndo kalori yenyewe ya dayati, usigawe kitu wala usizidishe. Ukikuta zote mbili zimeandikwa pamoja, kJ na kcal, angalia ile ndogo uendelee na maisha.

Cha pili, hizo namba ni za kiasi gani? Hapa ndo penye ujanja wote. Lebo za Ulaya sheria yao tangu Desemba 2016 inawalazimisha kuandika kwa gramu 100 au mililita 100, hii ni nzuri sana kwa sababu unaweza kushika pakiti mbili za kampuni tofauti ukazilinganisha hapohapo dukani. Za Kimarekani zenyewe zinaandika kwa sevingi, yani kile kiasi mwenye bidhaa anachokihesabu kuwa ni mkupuo mmoja. Sasa chukua krispi za pakiti kubwa ya gramu 150, lebo inasema kalori 160, unafurahi, unamaliza pakiti ukiangalia mpira, kumbe ile 160 ni ya gramu 30 na kwenye pakiti kuna sevingi 5, umekula 800 kavukavu. Hawajakudanganya, wameandika, ila kwa maandishi ya kutafuta na miwani.

Na sevingi ndogo ina faida nyingine kwa mwenye kiwanda. Kule Marekani kitu kikiwa na kalori chini ya 5 kwa sevingi wanaruhusiwa kuandika 0, na sukari ikiwa chini ya nusu gramu kwa sevingi nayo inaandikwa 0. Ndo maana Tic Tac kule zinaandikwa sukari gramu 0 wakati ukisoma viambato cha kwanza kabisa ni sukari, kwa sababu sevingi yao ni punje moja, na punje moja yenyewe haifiki nusu gramu! Kwa hiyo ukiona sifuri usiruke kwa furaha, teremka kwenye orodha ya viambato, vinapangwa kwa uzito kuanzia kilichowekwa kingi kwenda kidogo, sukari ikiwa ya kwanza au ya pili basi ushajua umeshika nini.

Kuna na hesabu moja ya kukagua lebo yenyewe kama inakaa sawa, huwa naifanya nikiwa na mashaka. Protini gramu moja ni kalori 4, wanga 4, mafuta 9, kilevi 7. Hizi namba asili yake ni kazi ya Mmarekani mmoja Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo viwanda vingi havichomi chakula maabara kutafuta kalori, vinapiga tu hesabu hiyo. Ukiwa na biskuti imeandikwa wanga 60, protini 8, mafuta 20, basi 240 jumlisha 32 jumlisha 180, unapata 452. Lebo ikisema 450 au 460 poa. Ikisema 280, weka chini. Zikipishana kidogo ni kawaida, nyuzinyuzi zinahesabiwa tofauti (Ulaya wanazipa kalori 2 kwa gramu na wanaziweka nje ya wanga, Marekani wanazijumlisha humohumo ndani ya wanga), halafu kuna kukata namba juu na chini. Na hata sheria yenyewe ya Marekani inavumilia kalori halisi kuzidi zilizoandikwa mpaka asilimia 20, kwa hiyo wale mnaogombana na kalori 7 jamani pumzikeni.

Maneno ya mbele ya pakiti mi siyasomi kabisa. Dumu la mafuta ya kula limeandikwa kwa herufi kubwa halina lehemu (kolestro), limechorwa na moyo mwekundu, jamani hakuna mafuta ya alizeti wala ya mawese wala ya mimea yoyote yaliyowahi kuwa na lehemu ya kuongelea, hiyo ni mambo ya wanyama. Geuza nyuma utakuta kalori karibu 900 kwa gramu 100, sawa na mafuta mengine yoyote, kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Juisi ya boksi isiyoongezwa sukari nayo bado ina sukari ya tunda lenyewe, kalori zake hazipishani sana na ile ya machungwa ya Muheza uliyokamua mwenyewe, tofauti ni kwamba chungwa ukilila utakula moja au mawili, juisi glasi moja imemeza matatu. Soda za kola ndo msemo mwingine, sukari gramu 10 na nusu hivi kwa mililita 100, chupa ya nusu lita piga mara tano.

Sasa mizani yenyewe inaingiaje.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kile kitufe cha kurudisha sifuri. Unaweka bakuli tupu juu, unabonyeza, inasoma 0, unamimina oti, inakupa uzito wa oti peke yake bila bakuli, unabonyeza tena, unamimina maziwa, inakupa ya maziwa peke yake. Bakuli moja, hakuna vikombe vya kuosha. Ila utamu wenyewe uko kwenye kupima kwa kinyume. Siagi ya karanga kwa mfano, ukipaka kwenye kijiko kisha upime kijiko nusu inabaki imegandia. Weka kopo zima juu ya mizani, bonyeza sifuri, chota unavyochota, kiskrini kinakuandikia -34. Hiyo 34 ndo imetoka, iwe iko kwenye mkate au ushailamba jikoni umesimama. Lebo nyingi za siagi ya karanga ni kalori kama 600 kwa gramu 100, kwa hiyo kijiko kile kilichojaa mlima ni kalori 200 na zaidi, wakati aplikesheni ukiandika "kijiko kimoja" inakuwekea nusu yake. Chupa ya mafuta ya kupikia vilevile, pima kabla ya kukaanga, pima baada, tofauti ndo iliyoingia sufuriani. Blue Band pia.

Hapo ndo utaona wapi unaliwa. Sio kwenye ugali, sio kwenye wali, ni kwenye mafuta, nazi na sukari ya chai. Kijiko cha chai cha sukari kwenye vitabu ni gramu 4, yani kalori 16. Chukua kijiko cha nyumbani kwenu chote vile mnavyochota, weka kwenye mizani. Cha kwetu kinabeba 9. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hizo ni kalori zaidi ya 300 na hujala kitu.

Kitu kingine ambacho lebo haikuambii kwa sauti ni kibichi au kilichopikwa. Pakiti ya tambi inasema kalori 350 na ushee kwa gramu 100, hizo ni tambi kavu kama zilivyo ndani ya pakiti. Ukizichemsha zinakunywa maji, gramu 100 zinakuwa 220 mpaka 250, kalori zilezile. Mtu anapima sahani ya tambi zilizoiva gramu 250, anazidisha kwa namba ya pakiti, anapata karibu 900, analala na njaa bure. Mwingine anafanya kinyume, anatafuta kwenye simu "wali" anapata 130 kwa gramu 100 ambayo ni ya wali uliochemshwa kwa maji matupu, anaitumia kwenye mchele mkavu, anakula karibu mara tatu ya alichoandika halafu analalamika dayati haifanyi kazi. Mchele mkavu ni kama 360. Vile vinywaji vya kukoroga vya unga wa kakao navyo viangalieni, upande mmoja wa lebo kuna namba za unga mtupu na upande mwingine za unga ukishachanganywa na maziwa, tena maziwa aliyoyachagua mwenye kiwanda yaliyopunguzwa mafuta, sio haya yetu. Samaki wa kopo pia ana uzito wa kopo zima na uzito akishamwagwa maji au mafuta, chukua huo wa pili.

Kwa chakula cha sufuria ya familia nafanya hivi. Sufuria zetu zote nimezipima tupu nikaandika uzito kwa maka pembeni ya mshikio. Nikipika wali wa nazi napima mchele mkavu, tuseme gramu 750, zidisha 3.6 unapata kalori 2,700. Tui, hapa watu wa Tanga mtanisamehe, nikiwa kwenye hesabu natumia la kopo kwa sababu lina lebo, nazi ya kukuna mwenyewe kila moja ina unene wake na tui la kwanza sio la pili. (Najua. Tanga, minazi imejaa, mtu ananunua tui la kopo. Bi mkubwa hajui na asijue.) Kopo la mililita 400 lenye kalori 180 kwa mililita 100 ni 720. Jumla 3,420. Wali ukiiva napandisha sufuria juu ya mizani, natoa uzito wa sufuria, inabaki tuseme gramu 2,150. Gawa, unapata kalori 159 kwa gramu 100. Sahani yangu ya gramu 300 ni 477, wakati wa maji matupu ingekuwa 390. Kwa hiyo nazi imeniongezea chini ya kalori 90 kwenye sahani, nami ndo nimeamua hivyohivyo sitaki kusikia habari ya wali mkavu, nitapunguza kwingine.

Bi mkubwa aliponikuta sufuria iko juu ya mizani akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, ndo njaa ya mwaka gani hii mpaka wali unapimwa?" Nikamwambia shikamoo kwanza.

Chapati ndo zilinifumbua macho kuhusu aplikesheni. Andika chapati utaletewa kalori 120, unashangilia, ila ukiingia ndani unaona hiyo ni chapati ya Kihindi ya gramu 40, nyembamba, imechomwa kavu bila mafuta. Wifi yangu akikanda hapa nyumbani ni kilo moja ya unga wa ngano, kwenye mfuko lebo inasema kalori 364 kwa gramu 100, kwa hiyo 3,640. Chupa ya mafuta tuliipima mwanzo na mwisho, kwenye kukanda, kukunja na kukaanga zimeondoka gramu 180, mara 9, ni 1,620. Jumla 5,260 kwa chapati 16. Kila moja kalori 329 na uzito kama gramu 100. Mbili na maharage ushafika 900 hivi kabla ya chai. Wifi aliposikia hivyo akasema basi ntakuwa natengeneza 20 kwa kilo, zinapungua ukubwa, na kweli ndo anavyofanya sasa hivi, 263 kwa moja.

Vya mtaani havina lebo na havitakaa viwe nayo. Mihogo ya kukaanga ya Raskazone jioni, bajia, katlesi na chachandu, hakuna anayejua mafuta mangapi yamenyweka. Ila hatuko gizani kabisa, kuna majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotoka 2008, yalifanywa na chuo cha Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na watu wa Harvard, humo kuna vyakula vyetu, ugali, maharage, mboga za majani, vyakula vya kupikwa, kwa gramu 100. Yapo mtandaoni bure. Mi naona hayo yana maana kuliko kuokota namba ambayo mtu yeyote kaiingiza kwenye aplikesheni akiwa Marekani. Mihogo naipima ikiwa kwenye karatasi, naongeza kidogo juu kwa ajili ya mafuta, naendelea. Ndizi za Mgandini mnauziwa kwa fungu, pima ikiwa na ganda, ule, pima ganda, toa. Kalori 89 kwa gramu 100 ni ya nyama ya ndizi, ganda halihesabiwi.

Sasa mabaya yake, maana sijalipwa na mtu.

Kiskrini kiko chini sana mbele ya kisahani, ukiweka sufuria pana au sinia huoni kitu, inabidi uchungulie kama fundi gari. Dawa ni kufudikiza kibakuli kidogo juu ya mizani, unabonyeza sifuri, halafu sufuria inakaa juu ya kibakuli, inainuka, skrini unaiona. Inafanya kazi ila sufuria yenye mchuzi wa moto juu ya kibakuli kilichofudikizwa mbele ya watoto, hapana, subirini ipoe.

Inajizima yenyewe. Uko katikati ya kumimina, mtoto anaita, unarudi imezima na ile sifuri uliyoweka imepotea, bakuli limo na vitu ndani hujui kipi ni kipi. Hii inakera kuliko yote. Siku hizi naandika kila namba kwenye simu palepale.

Vitu vidogo sana haivioni ukimwaga taratibu. Nyunyiza sukari punje punje itakaa kwenye 0 kama haijui kinachoendelea. Mwaga kwa mkupuo au pima kwa kinyume kutoka kwenye kopo. Kwa hiliki na chumvi sahau.

Ina kitufe cha kubadilisha vipimo na kimojawapo ni mililita. Usikiamini. Haina jicho la kujua umemimina nini, inachukulia ni maji. Maji gramu moja ni mililita moja, lakini mafuta ya kula mililita 100 ni kama gramu 92 tu, kwa hiyo ukipima mafuta kwa mililita na lebo yako imeandikwa kwa mililita 100 tayari umepishana. Iache kwenye gramu muda wote, na lebo ya mafuta kama ina namba mbili soma ile ya gramu.

Halafu hewa yetu ya chumvi. Sisi tunaokaa karibu na bahari kila kitu cha chuma kinakula kutu, na visahani vya betri ndani vimeanza ukijani. Nazitoa betri nikimaliza wiki, nafuta kwa kitambaa kikavu. Haipendi maji, usiioshe, pangusa.

Usahihi wake je? Niliujaribu kwa chupa ya maji ya nusu lita, nikapima ikiwa imejaa, nikanywa, nikapima tupu, tofauti ilikuja 503. Inakubalika kabisa, viwanda huwa wanazidisha tone. Mkifika dukani muombe muuzaji muijaribu hivyohivyo kwa chupa ya maji, asikukatalie, na muijaribu kwa vitu viwili tofauti, kizito na chepesi, maana nyingine zinasema kweli kwa nusu kilo halafu gramu 20 zinasema uongo.

Lalamiko langu lingine sio la mizani ila linahusiana. Supamaketi moja hapa mjini, siitaji, stika ya bei wanaibandika juu ya jedwali la lishe kabisaaa, na ile ya muagizaji yenye jina na anwani inafunika kilichobaki. Nikimwambia kijana wa pale anasema "Anti, we nunua tu, ukifika nyumbani bandua." Jamani! Mtu anasoma lebo ili aamue kununua! Nikaanza kukwangua kwa ukucha hapohapo kwenye foleni, mlinzi ananiangalia. Za Kiarabu tupu nazo ni mtihani kama hujasoma, ingawa tarakimu unaweza kuzibahatisha, ukiona mstari wa juu kabisa wenye namba kubwa ndo nishati na mara nyingi kcal wanaiacha kwa herufi za kawaida. Vitu vya nyumbani ni afadhali, TBS (Shirika la Viwango) ndio wanaosimamia chakula tangu 2019, na pakiti nyingi za viwanda vyetu vikubwa zina jedwali linalosomeka, ila zile za wajasiriamali wadogo, unga wa lishe, karanga za mfuko, mara nyingi kuna namba ya simu na picha ya familia inacheka, basi. Unga wa lishe ninaununua hivyohivyo kwa sababu muuzaji ananitajia alichochanganya na kwa kiasi gani, nakwenda kuhesabu mwenyewe.

Kwa elfu 18 naipa 8 kati ya 10. Moja nimekata kwa kujizima, nyingine kwa skrini. Zile za kisahani cha kioo zinazouzwa elfu 35 na kuendelea ni nzuri kuosha lakini kupima zinapima hivihivi, sioni sababu. Na mkienda, pembeni yake wanapanga zile za kuning'iniza za kupimia mabegi, ni ndogo, zina ndoano, bei yake chini, muuzaji atakwambia ni kitu kilekile. Sio kilekile, ile inasoma kwa kurukaruka gramu 10 au hata 50, utapimia begi la basi la Dar, siagi ya karanga huwezi.